Picha za Bwereere

Neno lenyewe nililipata kwenye mashine ya kusaga karanga, soko la Nateete, siku ya Jumatano asubuhi. Mashine ilikuwa inanguruma, kwa hiyo Hajati Zulaikha alinisogelea mpaka sikioni.

"Jalia, watu wanasema Rahmah wako anapiga wasichana picha za bwereere huko Bugolobi. Kweli, mtoto mwenye akili zake? Aibu, bambi, maskini."

Nikamwambia watu wana midomo tu. Nikabeba karanga zangu nikaondoka. Nilipofika nyumbani nikaona nimeacha kifuniko cha bakuli kule kule, na sikurudi kukichukua, kwa sababu sikutaka kukutana tena na sura ya Hajati.

Kwa msomaji asiye wa Kampala, nieleze. Bwereere ni neno la Kiganda ambalo sisi wote hapa tunalichomeka katika Kiswahili chetu. Kitu cha bwereere ni kitu cha bure. Mtu aliye bwereere ni mtu aliye uchi. Neno ni hilohilo moja. Naeleza mapema usije ukadhani nilidanganywa. Maana zote mbili nilizijua tangu utoto wangu. Nilishika moja nikaondoka nayo, na sikumuuliza Hajati alimaanisha ipi.

Sisi ni Wanubi. Babu zetu waliletwa huku na jeshi la Waingereza kutoka Sudani, na mabinti zetu wameendelea kuolewa na watu wa magwanda. Marehemu mume wangu, Ramathan, alikuwa polisi. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita tu. Kazi yangu ni kusuka tabaga, vile vifuniko vya chakula vya rangi ambavyo bibi harusi wa Kinubi hawezi kwenda kwa mume bila kuwa navyo. Rahmah ni mtoto wangu wa pekee. Ana miaka ishirini na tatu.

Alianzia Mengo, kwenye studio ya bwana mmoja anayeitwa Bonny, akipiga picha za pasipoti. "Kaa wima, masikio yaonekane, usicheke." Kutwa nzima hayo tu. Lakini mtoto alikuwa akirudi nyumbani ananiwekea kiti karibu na dirisha, ananigeuza uso huku na huku, anasema, "Mama, ona mwanga unavyokupenda upande huu." Baadaye akapata kamera yake mwenyewe, iliyotumika, akaniambia anataka kupiga picha za mitindo. Nguo mpya, wasichana warefu, picha za kuwekwa kwenye vitabu vya wabunifu. Akanieleza jinsi kazi hiyo inavyoanza: hakuna anayekuita mpaka umwonyeshe picha ulizokwisha kupiga, na hakuna wa kumpiga mpaka uitwe. Kwa hiyo wanaoanza wanasaidiana. Msichana anayetaka kuwa modo anakuja, mpiga picha anampiga, hakuna anayemlipa mwenzake, kila mmoja anaondoka na picha za kwenda kuonyesha.

Hayo yote aliniambia kwa mdomo wake. Mimi nilikuwa nahesabu nyuzi za tabaga. Nikaitika "eeh, eeh," mpaka akanyamaza.

Modo wake mkubwa alikuwa Alanyo, binti wa Afande Ocen, Mwacholi, aliyefanya kazi na marehemu mume wangu. Watoto hao wawili walikulia mstari mmoja wa nyumba za polisi. Alanyo amempita Rahmah mwaka mmoja, na ni mrefu, mlango wetu anaingia ameinama. Akija kwetu anasema, "Mama Rahmah, nyumba hii mliijengea Wanubi tu?" Namjibu, "Na wewe nani alikuambia uendelee kukua baada ya kuambiwa inatosha?" Tunacheka. Nilimpenda yule mtoto. Nampenda.

Sasa, Jumatano hiyohiyo, Rahmah alipokuwa anaoga, nilifungua mkoba wake. Nilikuta shimizi sita, mpya, nyembamba, zote za rangi ya ngozi. Si nyeupe, si nyeusi. Rangi ya ngozi ya mtu. Nilizishika mkononi na mkono ukapotea ndani ya kitambaa, kama sijashika kitu. Nikazikunja kama nilivyozikuta, nikakaa chini jikoni.

Ijumaa jioni alikuwa anapiga pasi blauzi yake nyeusi.

"Mama, kesho ndiyo siku yangu," akasema. "Madam Abwola, yule mbunifu wa Bugolobi, aliona zile picha zangu na Alanyo. Ana nguo kumi na mbili mpya. Akizipenda picha za kesho, zinaingia kwenye kitabu chake cha wateja, na chini inaandikwa jina langu. Rahmah Ramathan. Jina la baba litasomwa Nairobi, mama!"

"Na hao wasichana," nikauliza, "watavaa nini?"

Akacheka mpaka akaweka pasi chini. "Watavaa nguo, mama. Hiyo si ndiyo kazi yenyewe?"

Nilimuuliza, akanijibu. Lakini ule mcheko niliuona kama wa mtu anayeficha. Ningeweza kusema, "Nimeona shimizi, ni za nini?" Maneno manne, matano. Niliogopa. Niliogopa atakubali, na akikubali nitafanya nini? Kwa hiyo nikajiambia kwamba jambo hili linataka mwanamume, na mwanamume niliyemfahamu alikuwa Afande Ocen.

Jumamosi saa tatu asubuhi nikamkuta mlangoni kwake, amevaa fulana na bukta, anapaka viatu rangi. Siku hiyo hakuwa kazini.

"Mama Rahmah! Karibu, karibu. Umeleta ile tabaga ya mke wangu, au umekuja kunisalimia kwa maneno matupu?"

"Afande, nimekuja na neno zito."

"Basi kaa kwanza, usilidondoshe."

Nikakaa. Kati yetu tunaongea Kiswahili, kama siku zote. Kiganda chake ni cha sokoni, Kiacholi changu ni salamu tu. Nikamwambia watoto wetu wako Bugolobi, kwenye fleti, wanapiga picha.

"Hiyo najua. Alanyo ameniaga."

"Hajakuambia ni picha za namna gani."

"Za namna gani?"

Hapa ndipo nataka wewe mama unayesoma usimame pamoja nami. Neno nililopewa lilikuwa bwereere. Ningeweza kumkabidhi hilohilo, kama lilivyotoka kwenye mdomo wa Hajati. Lakini mbele ya Afande, na Kiswahili chetu cha heshima, nikaona nilinyooshe. Nikalitafsiri. Katika Kiswahili kuna bure na kuna uchi, yamekaa mbalimbali, huwezi kuyachanganya. Nikachagua.

"Za uchi, Afande."

Akaacha brashi ndani ya kiatu. "Alanyo?"

"Alanyo na wenzake. Nimeona nguo zao kwenye mkoba. Ni kama hakuna."

Aliingia ndani akatoka amevaa magwanda kamili, kofia na mkanda, akampigia simu mwenzake Odoch aje na gari. Mkewe akamuuliza anakwenda wapi, yeye akaelekea kwenye gari. Nikapanda nyuma. Nilijiona nimefanya la maana. Naandika na hilo pia, kwa sababu ni kweli: pale nyuma ya gari nilijiona mama hodari.

Fleti ilikuwa ghorofa ya tatu. Afande Ocen aligonga kwa kiganja. "Fungua! Polisi!" Milango ya majirani ikafunguka kabla ya ule tuliougonga. Aliyefungua ni kijana wa Kikongo, Tresor, ambaye hupaka modo poda na kuwabana nguo kwa pini. Pini zenyewe alikuwa amezishika kwa midomo. Akazitoa, akaniona mimi nyuma ya Afande.

"Eh, Mama Rahmah! Ingia, mama. Hapa iko kazi tu. Kuna nini?"

Afande na Odoch wakampita. Mimi nikafuata. Ndani kulikuwa na shuka jeupe limetandazwa ukutani kando ya dirisha kubwa, pasi, viatu vimepangwa, na wasichana watano wamesimama. Naomba usikilize walivyovaa. Magauni ya mikono mirefu, yanagusa sakafu, shingo zimefunikwa kwa ukosi wa lubugo, lile gome la mti wa mutuba wanalovaa Waganda kwenye sherehe zao. Hata Idi mimi sijawahi kujifunika vile. Madam Abwola, mwanamke mwembamba mwenye futi ya kupimia shingoni, alikuwa amepiga magoti anashika upindo wa gauni. Na Rahmah wangu alikuwa amesimama juu ya stuli na kamera yake. Aliponiona hakusema "mama kuna nini". Alisema, "Mama, umekuja kuona?" Alifurahi. Kwa muda kama wa kufumba jicho alidhani nimekuja kuona kazi yake.

"Alanyo yuko wapi?" Afande akauliza.

Kulikuwa na pazia limefungwa kwenye pembe. Madam Abwola akainuka, "Afande, subiri, anabadili..." na Afande akalivuta pazia.

Alanyo alikuwa katikati ya nguo mbili. Amevaa ile shimizi ya rangi ya ngozi. Ukiwa karibu ungeona kamba zake mabegani. Kwa mbali ulikuwa unaona msichana asiye na nguo. Akapiga kelele, akajikunja, akamwita baba yake kwa Kiacholi, na baba yake ndiye aliyekuwa amesimama mbele yake.

Nikasikia sauti nyuma yangu nikageuka. Mlango niliuacha wazi. Niliingia wa mwisho na sikuufunga. Majirani walikuwa wamejaa pale na simu zao zimeinuliwa.

Picha ya uchi iliyopigwa Bugolobi siku ile ilikuwa moja tu, na niliyeileta ni mimi.

Baada ya hapo Afande hakuweza kurudi nyuma. Mwanamume akishaona aibu ya namna ile, lazima apate mkosaji. Tresor akajaribu kueleza. "Baba, hiyo iko nguo ya ndani ya kazi. Gauni nyeupe ukivalia sidiria nyeusi, picha inaonyesha yote. Ndiyo maana tunaweka rangi ya ngozi, ili isionekane." Odoch akamwambia anyamaze, Mkongo. Afande akamgeukia Rahmah: "Futa! Futa zote, nione!"

Rahmah akanitazama mimi. Si Afande. Mimi.

Nikasema, "Futa, mwanangu, yaishe."

Akateremka kwenye stuli. Akakaa kitako chini, akaishika kamera mapajani, akafuta. Picha za asubuhi nzima. Kidole kilikuwa kinabonyeza na Afande anatazama kioo. Kila picha ilikuja kidogo kabla ya kwenda, na mimi niliyesimama juu yake niliziona zote. Alanyo kando ya dirisha, ukosi wa lubugo, macho ameyainua. Nzuri ajabu. Sijawahi kuona kitu kizuri vile kilichotengenezwa na mtu niliyemzaa, na nilikuwa nakiona kinafutwa kwa amri yangu.

Madam Abwola hakupiga kelele. Alikusanya magauni yake moja moja, akasema, "Rahmah, wewe unajua kazi. Lakini mimi siwezi kazi inayokuja na polisi na mama wa mtu."

Video ilitufikia Nateete kabla sisi wenyewe hatujafika. Chini yake watu walikuwa wameandika, "Polisi yavamia kiwanda cha picha za uchi," na jina la Rahmah kamili, la baba yake ndani. Wiki ile ile Afande Ocen akampeleka Alanyo Gulu kwa kaka yake, na simu akamnyang'anya. Bonny wa Mengo alimrudisha Rahmah kazini lakini akamweka chumba cha nyuma, akate picha tu kwa mkasi, kwa sababu wateja walikuwa wanachungulia na kuulizana, "Huyu si yule?"

Siku ya nne nilimfuata Hajati Zulaikha sokoni. Nilitaka kugawana naye mzigo, nisiseme uongo. Nikamwambia, "Hajati, umeona neno lako limefanya nini?"

"Neno langu lipi?"

"Uliniambia anapiga picha za bwereere."

Hajati akanishangaa mpaka mtandio ukamteleza. "Bwereere, ndiyo! Za bure! Nilisema wale watu wa Bugolobi wanamla mtoto, anawapiga bila malipo wakati ana mama wa kutunza. Aibu yao! Wewe ulisikia nini, Jalia?"

Mwanamke wa mashine ya karanga alikuwa anasikiliza. Nikatembea mpaka nyumbani kwa miguu.

Kisha nikapika. Nilikaanga kuku, nikachoma gurusa, zile chapati zetu nyembamba, nikafunika kwa tabaga nzuri kuliko zote nilizonazo, nikampelekea Afande Ocen. Nikamweleza neno lilivyokuwa na jinsi nilivyolitafsiri. Alisikiliza amesimama. Chakula hakukigusa, wala hakuniambia nikae.

"Mama Rahmah," akasema, "mimi nimekaa Kampala miaka thelathini. Bwereere nalijua. Ungeniletea neno kama lilivyo, ningekuuliza: bure, au uchi? Ningemuuliza hata Alanyo. Wewe uliniletea likiwa limekwisha kukatwa."

"Nisamehe, Afande."

"Mimi ndiye niliyevuta pazia," akasema. "Nenda na chakula chako."

"Basi mrudishe mtoto."

"Arudi wapi? Kwenye zile simu?"

Na Rahmah? Hakunipigia kelele hata siku moja. Heri angenipigia. Anaamka, ananisalimu, anauliza kama nimekunywa dawa ya presha. Jioni moja nilishindwa kuvumilia nikamwambia, "Niliogopa, mwanangu. Ndiyo maana sikukuuliza."

"Uliniuliza, mama," akasema. "Uliniuliza watavaa nini. Nikakuambia nguo."

Akaendelea kuosha vyombo.

Miezi mitano imepita. Mwezi uliopita nilikwenda Mengo kununua nyuzi, nikaona kwenye kioo cha duka la nguo picha kubwa ya msichana nisiyemjua, ameketi upande, mwanga wa dirisha umemshika shavu moja. Nilijua mkono wa nani umeipiga. Mimi ndiye niliyekalishwa kwenye kiti kile dirishani kwangu miaka miwili. Nikasogea kusoma chini. Iliandikwa Tresor.

Nilimuuliza Rahmah nyumbani, taratibu, nikiogopa kila neno.

"Ni yangu," akasema. "Nimeanza tena. Lakini jina langu likiwekwa, mtu anakwenda kulitafuta kwenye simu, anaikuta ile video. Na Alanyo ndani yake. Kwa hiyo tunaweka la Tresor."

"Mpaka lini?"

"Sijui, mama."

"Mnapigia wapi?"

Akatabasamu, si kwa ubaya. "Hilo nakuomba usiniulize."

Sijauliza. Nawaandikia kina mama wenzangu wenye watoto walioanza kazi tusizozifahamu. Epukeni haya:

Usilibebe neno la watu kabla ya kumuuliza aliyelisema ana maana gani.

Usilitafsiri. Kama lazima ulifikishe, lifikishe kwa lugha uliyopewa.

Usipekue mkoba wa mtoto mkubwa. Ukishapekua, basi uliza ulichokikuta ni cha nini, siku hiyohiyo.

Usiulize swali halafu ukatae jibu kwa sababu mtoto amecheka.

Usimpelekee askari wasiwasi wako, hata akiwa ndugu. Kwake utageuka kesi.

Usiingie mahali wasichana wanapobadilishia nguo. Ukiingia, funga mlango.

Usimwambie mtoto afute kazi yake ili wewe upate amani.

Usiisambaze video ya mtoto wa mwenzio, hata kwa kuuliza tu, "jamani, hii ni kweli?"

Usimcheke anayefanya kazi bure mwanzoni. Muulize anajifunza nini, na ukae umsikilize mpaka amalize.

Usipeleke chakula unapokwenda kuomba msamaha. Nenda mikono mitupu.